Maji Tuliyowaazima Samaki

Jumanne ni zamu ya akina Sisneros. Haijaandikwa popote, lakini kila mtu hapa Los Hornillos anaijua kama anavyojua jina la mama yake. Jumanne ile ya katikati ya Juni, Eloisa Sisneros alifika shambani kabla jua halijavuka vilima, akainua kilango cha ubao kinachoingiza maji kwenye matuta yake, akaegemea sepetu akisubiri. Maji hayakuja. Alikuja jongoo, akashuka mferejini mahali ambapo mwaka uliopita maji yangemfika mtu magotini, akavuka polepole kama mwenye mali, akapanda upande wa pili.

Eloisa akachomeka kidole kwenye tuta la pilipili. Kidole chote kikazama katika vumbi, kisikute ubichi. Hii ilikuwa Jumanne ya pili bila maji. Pilipili huvumilia Jumanne mbili. Ya tatu haivumilii.

Nyuma yake akasikia viatu. Alikuwa Porfirio Abeyta, jirani wa shamba la chini, yule aliyemsimamia mwanawe Rumaldo kwenye ubatizo, na tangu hapo yeye na mume wa Eloisa wakawa wanaitana compadre. Sepetu begani, kofia ya majani kichwani, na uso wa mtu ambaye hajapata kifungua kinywa.

"Yamekuja?"

"Wewe unaona yamekuja?"

"Naona jongoo."

"Basi leo ni zamu yake."

Porfirio hakucheka. "Na compadre wangu yuko wapi? Kaenda kuwapepea samaki?"

"Yuko nyumbani anakunywa kahawa."

"Mwambie akimaliza avae ile kofia yake, aje atutembelee huku kwenye vumbi. Tumpige picha."

Kofia yenyewe ilikuwa ya bluu, na kwenye paji kulishonwa samaki anayeruka. Watu wa samaki, wale wa idara ya uvuvi, walimpa Tranquilino Sisneros, mume wa Eloisa, wakati wa baridi, naye akaivaa Machi, siku ambayo kila kaya hutoa mtu na sepetu kusafisha mfereji. Yeye ndiye msimamizi wa mfereji, tulimchagua wenyewe kwa kunyoosha mikono. Siku ile tulicheka, tukamwambia inampendeza. Juni hakuna aliyecheka.

Samaki hao waliletwa kutoka kaskazini, kwenye maziwa yanayoganda mpaka watu wanaendesha magari juu yake. Walikuja kwenye malori ya matangi, wamewekewa barafu kama wagonjwa. Macho yao meupe, hayana mboni ya kueleweka, nasi tukawaita macho-kioo. Si samaki wa kula, tuliambiwa, ni samaki wa mchezo: mtu anatoka Texas na mashua inayoizidi nyumba yetu urefu, anamnasa, anampima, anapigwa picha naye. Joto hawaliwezi. Na wakaletwa huku, ambako Juni hata mbwa hatoki chini ya gari. Aliyewaza hivyo simjui, ila najua alilipwa mshahara.

Ili macho-kioo wapate ubaridi, ziwa la bwawa, ndilo linalolisha mfereji wetu, lazima liwe na kina. Kwa hiyo wakapaka alama nyekundu kwenye ukuta wa bwawa, na maji yakishuka mpaka kwenye alama hiyo, lango la mfereji wetu linafungwa. Lango hilo lipo kabla ya Tranquilino kuota ndevu. Alama nyekundu ilikuwa na miezi minne.

Na karatasi iliyoiruhusu ilikuwa na sahihi ya Tranquilino.

*

Aliiweka Januari, jikoni kwake. Afisa kijana wa watu wa samaki, aitwaye Haskell, alikaa kwenye kiti cha karibu na jiko, akala mikate mitatu ya tortilla na bakuli la maharage, akasifu pilipili mpaka Eloisa akamfungia nyingine aende nazo. Kisha akasema wana shida kidogo. Wanaomba maji ya majira ya baridi, ambayo wanakijiji hawayatumii.

Sasa, kwetu maji huazimwa. Mtu akiwa hana haja na zamu yake anamwambia jirani, chukua wewe, na jirani anachukua. Siku ukiyahitaji unapita mlangoni kwake unasema, nayataka, na anakurudishia hata kama amekwisha kufungua kilango. Hakuna aliyewahi kuandika. Kuandika ingekuwa kumwambia mtu kwamba ni mwizi.

Basi Tranquilino akawaazima maji ya Novemba mpaka Februari, kama angemwazima Porfirio. Haskell akatoa karatasi. Mgeni aliyekula mezani kwako akitoa karatasi, utamrudishia vipi? Tranquilino hasomi Kiingereza. Akampa Rumaldo.

Rumaldo alikuwa na miaka ishirini na saba, mke hana, kazi hana. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, akaugeuza wa pili, akautazama kwa muda.

"Wanasema hivyohivyo, baba. Maji ya baridi. Na mengineyo."

Tranquilino akaweka sahihi, herufi moja moja, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo. Aprili Rumaldo akapata kazi kwenye gati la mashua ziwani, akapewa shati lenye samaki mfukoni.

*

Alhamisi, Tranquilino na Porfirio wakaenda mjini kwa pikapu ya Porfirio. Mwendo wa saa moja na nusu, na katika mwendo huo Porfirio alisema neno moja tu, nalo aliliambia gari.

Kwenye ofisi, msichana wa mapokezi hakuinua kichwa.

"Leseni ya uvuvi dirisha la kushoto."

"Hatukuja kuvua, binti," Tranquilino akasema. "Tumekuja kumwona Haskell."

"Dirisha la kushoto."

Wakapanga foleni dirisha la kushoto, nyuma ya wanaume watatu waliovaa kaptura. Walipofika, dirisha la kushoto likawarudisha kwa msichana. Ndipo akainua kichwa, akawaonyesha viti. Ukutani palikuwa na macho-kioo aliyekaushwa na kupakwa rangi, akiwatazama.

Haskell akatoka akitabasamu. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliotuudhi kuliko yote, kwa sababu mtu hana pa kumpigia mpole.

"Bwana Trank. Mama hajambo? Bado naota zile pilipili."

"Utaendelea kuziota," Porfirio akasema. "Zinakufa."

Tranquilino akavua kofia yake, si ile ya bluu. "Kijana, nimekuja kuchukua maji yangu. Nilikuazima, sasa nayahitaji. Mwambie mtu wako afungue lango."

Haskell akakuna shingo. "Lango si letu. Ni la watu wa bwawa."

"Watu wa bwawa wamesema ni lenu. Niliwapigia simu juzi kutoka dukani."

"Linafungwa kwa sababu yetu, ndiyo, lakini wenye kufunga ni wao." Akaenda, akarudi na karatasi. "Tatizo ni ukurasa wa pili."

"Una nini ukurasa wa pili?"

Haskell akaufuata kwa kidole, akiwageuzia maneno. Maji yakigusa alama nyekundu, mwezi wowote wa mwaka, yanabaki ziwani. Msimamizi akitaka kuyarudisha aombe kwa barua, siku mia moja na ishirini kabla.

Tranquilino akahesabu kichwani, akafika vuli, akarudi. "Mimi nilikuazima ya baridi. Nilikwambia pale mezani, wewe ukitafuna. Ukasema ndiyo."

"Niliposema ndiyo, Bwana Trank, nilikuwa nazungumzia ukurasa wa kwanza."

"Wa pili ulikuwa unazungumzia nani?"

Haskell akamsukumia nakala ya karatasi. Akasema ziwa likishuka futi tatu tu, maji ya chini yatapata joto na samaki watakufa wote.

"Wako wangapi?" Porfirio akauliza.

"Elfu arobaini, makadirio."

"Sisi kaya kumi na tisa. Compadre, tumeshindwa kwa kura."

Haskell akawasindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa amesikitika kweli, ilionekana, na kwa sababu alisikitika alitaka kutoa kitu. Akampa Porfirio kofia ya bluu.

Porfirio aliishika njia nzima kama mtu aliyeshikishwa nepi. Karibu na daraja akasema, "Andika hiyo barua leo."

"Siandiki."

"Compadre, siku zinahesabiwa."

"Kitu nilichokiazima kwa mdomo nakidai kwa mdomo. Nikiandika barua kuomba maji yangu, nimekubali si yangu."

"Na ukiacha kuandika?"

"Yanabaki yangu."

"Yakiwa kwa samaki."

"Yakiwa kwa samaki, lakini yangu."

Alikuwa na haki. Nalisema kwa sababu wengi wenu mliokuja baadaye mnamwita mzee mpumbavu. Alikuwa na haki, na haki yake ikatugharimu siku tisa.

*

Jioni hiyo aliweka nakala ya karatasi mezani, ukurasa wa pili juu, kati ya sahani yake na ya Rumaldo. Rumaldo akala akiikwepa kwa kiwiko. Eloisa alimtazama mumewe, akamtazama mwanawe, akaona alichoona, akaondoa sahani ingawa Rumaldo hakuwa amemaliza.

Jumapili kanisani, padri aliposema tupeane amani, Eloisa alimgeukia Doña Senaida wa benchi la nyuma, mwanamke waliyekaanga naye mikate ya harusi na ya misiba kwa miaka thelathini. Doña Senaida alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba. Alikitafuta mpaka amani ikaisha.

Jumanne ya tatu ikaja na ikapita. Eloisa alikuwa ameanza kubeba maji kwa ndoo kutoka kisimani, na maji ya kuoshea vyombo, na ya kufulia. Matuta yalikuwa arobaini. Akachagua matatu, yaliyo karibu na nyumba, akayanywesha kikombe kwa kila shina, akipita kati ya mengine thelathini na saba bila kuyatazama, kama mtu anavyopita kati ya omba omba akiwa na senti moja. Alhamisi bomba la kisima likatoa tope. Kisima nacho hunywa kutoka mferejini. Watu wa bwawa hawakulijua hilo, au walilijua na hawakuliandika.

"Tubebe kutoka ziwani," Tranquilino akasema.

"Kwa ndoo?"

"Kwa mapipa. Pikapu ya Porfirio."

"Porfirio anabebea ya kwake." Eloisa akakaa juu ya ndoo tupu. "Wewe si msimamizi wa mfereji? Una ufunguo wa lango. Unautunzia nini, kufungulia makopo ya sardini?"

*

Jumamosi ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Siku hiyo, kabla jua halijayagusa, maji yote ni ya baraka. Wanawake hufungua nywele na kuziosha mferejini, watoto hutupwa na nguo zao, na wazee waliokosana mwaka mzima hunawa uso ukingo mmoja. Mwaka ule mfereji ulikuwa njia ya jongoo. Eloisa hakumuuliza mtu. Alifunga taulo kiunoni, akashika njia ya ziwani. Doña Senaida akamwona dirishani akipita, akatoka. Kufika kwenye mlima mdogo, tulikuwa karibu watu sitini, na Porfirio akiwabeba wakongwe kwenye pikapu.

Tranquilino alitangulia mpaka kwenye kijumba cha lango. Ufunguo alikuwa nao shingoni, wa shaba, alioachiwa na msimamizi aliyemtangulia, naye aliachiwa na wajenzi wa bwawa. Tukamzunguka. Akaushika kwa mikono miwili, akauingiza kwenye kufuli. Haukuingia. Akaugeuza upande, akaupangusa kwenye suruali, akaujaribu tena. Kufuli lilikuwa jipya, linang'aa, bado lina karatasi ya duka nyuma yake.

Ingekuwa nafuu kama mtu angemtukana. Akaurudisha ufunguo ndani ya shati, akateremka na wengine majini.

Siku hiyohiyo palikuwa na mashindano ya uvuvi. Mashua thelathini hivi zilikuwa zimesimama mbele ya gati zikisubiri kengele, na watu wake wakatutazama tukiingia kwenye maji ya kina kifupi na sketi zetu, tukiimba. Mama mmoja mwenye miwani ya jua akatupiga picha. Kisha bwana mwenye kipaza sauti akainama, akamwambia mtu kitu, na tukamwona Rumaldo anakuja kwa miguu ukingoni, na shati lake la samaki, akitembea kama anayehesabu mawe.

Akasimama mbele ya mama yake. Eloisa alikuwa ameinama, nywele zake zote nyeupe zikiwa majini.

"Mama. Wanaomba mtoke."

"Nani anaomba?"

"Wenye mashindano. Wanasema mnachafua maji, samaki wanakimbilia kina."

"Mimi nachafua." Akakamua nywele. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimetumwa, mama."

"Najua umetumwa. Nimekuuliza wewe unasemaje."

Rumaldo akatazama gati, akatazama viatu vyake, ambavyo maji yalikuwa yameanza kuvilamba. Baba yake alikuwa hatua tano tu kutoka pale, suruali imekunjwa, anamsikiliza.

"Niliusoma," Rumaldo akasema. "Ukurasa wa pili. Niliusoma wote nikauelewa."

Wimbo ulikuwa umekatika, na kila mtu akasikia.

"Haskell alikuwa amenitajia kazi pale nje, kabla hatujaingia. Nikasema moyoni, maji hayatafika kwenye alama. Nilidhani mvua itanyesha."

Porfirio akatema mate majini, siku ya Mtakatifu Yohane. "Nilikushika juu ya kisima cha ubatizo na mikono hii," akasema. "Ningejua ningekuachia."

"Nyamaza, Porfirio," Tranquilino akasema. Alitoka majini, akavaa viatu juu ya miguu mibichi, na alipoongea sauti yake haikupanda. "Una kalamu?"

"Ndiyo, baba."

"Njoo uandike."

Rumaldo aliandika barua juu ya boneti ya pikapu, kwa Kiingereza, nyuma ya tangazo la mashindano, maana karatasi nyingine haikuwepo. Tranquilino alimwambia neno kwa neno. Kila sentensi akamfanya aisome tena kwa sauti, kwa lugha yetu, mbele ya watu wote, na akifika mwisho anamuuliza, "Na mengineyo?" Rumaldo anajibu, "Hakuna mengineyo, baba." Mara sita au saba hivi, mpaka Doña Senaida akasema, "Inatosha sasa, Don Tranquilino, mwache mtoto." Akaweka sahihi. Kengele ikapigwa, mashua zikaondoka zote pamoja, na mawimbi yake yakawalowesha waliokuwa hawajatoka.

Jumatatu Rumaldo akarudi kazini gatini. Mnataka kusikia kwamba alilitupa lile shati. Hakulitupa. Shamba lilikuwa limekufa, na watu watatu katika nyumba ile walikuwa wanakula kwa shati hilo.

*

Agosti, kwa maji yote waliyoyaweka, macho-kioo walikufa hata hivyo. Ziwa la kina kifupi katikati ya mchanga, jua la miezi miwili: mtu yeyote aliyewahi kuacha ndoo nje angewaambia. Walielea matumbo juu kutoka gatini mpaka kwenye lango, na Rumaldo na wenzake waliwazoa kwa uma za nyasi siku nne. Harufu ilifika kanisani. Septemba malori yakaleta wengine, na barafu.

Barua ya Tranquilino ilijibiwa kwa karatasi nene. Ombi limepokelewa, limeandikishwa, litatekelezwa ipasavyo.

Na likatekelezwa, siwasingizii. Siku mia moja na ishirini zilitimia tarehe ishirini na mbili Oktoba. Baridi ya kwanza ilikuwa imekwisha kupiga, na mashamba ya bonde zima yalikuwa ya kijivu. Asubuhi Eloisa akasikia sauti aliyoisubiri tangu Juni. Maji yalikuja mengi, ya baridi, safi, yakisukuma mbele yake majani makavu na vumbi la miezi mitano. Kilango chake kilikuwa wazi bado, hakuna aliyekumbuka kukishusha. Yakaingia kwenye matuta arobaini, yakajaa kila mtaro mpaka ukingoni, yakasimama hapo kati ya vijiti vyeusi vya pilipili, hayana pa kwenda wala cha kufanya.

Katika tuta la tatu kitu kilikuwa kinapigapiga. Eloisa akaingia na viatu vyake. Alikuwa macho-kioo, mrefu kama mkono, mmoja wa wale waliopona Agosti, amekwama kwenye maji ya kifundo cha mguu. Eloisa hakuwa na leseni ya uvuvi. Akampiga kwa ubapa wa sepetu.

Alimkaanga kwa mafuta ya nguruwe na unga wa mahindi, akagawa vipande vinne, akapeleka cha nne kwa Porfirio, naye akakipokea. Wakakaa mezani, baba, mama na mwana. Nyama yake ni nyeupe, tamu, haina mifupa mingi. Hilo nalo lazima lisemwe.

Tranquilino akamega kidogo, akatafuna, akanyoosha mkono bila kutazama kuelekea ukutani kando ya mlango, kwenye msumari ambapo kila Oktoba ya maisha yake palining'inia mkufu wa pilipili nyekundu. Vidole vyake vikashika msumari.

"Hakuna," Eloisa akasema. "Kula hivyohivyo."